Labda, huenda, pengine: namna ya kukisia kwa Kiswahili bila kuchanganya watu

Maneno ya kusema kitu ambacho huna uhakika nacho yako mengi sana kwenye Kiswahili na wengi tunachota lolote linalotangulia mdomoni, leo labda, kesho huenda, mara pengine, na ukiwa unaongea ana kwa ana wala haisumbui maana mtu anakuona unavyopandisha mabega na sauti inavyolegea. Kasheshe inaanza ukiandika. Meseji haina mabega. Mtu anasoma "labda" yako na anaipa maana anayotaka yeye, mwingine anaona umeahidi, mwingine anaona umekataa, na wote wawili wana haki kwasababu hilo neno kweli linabeba vyote.

Kwahiyo hapa naeleza namna ya kuyatumia moja moja, na kitu cha kushika toka mwanzo ni kwamba usiliangalie neno peke yake, angalia mambo mawili, limekaa wapi kwenye sentensi na kitenzi kinachofuata kimevaa nini. Maana inatokea hapo.

Shuleni tuliambiwa haya ni vielezi, sawa, ila vielezi vingi vinashika kitenzi, "anatembea polepole", hiyo polepole inaeleza kutembea basi. Labda na wenzake hawaelezi kitendo, wanamweleza anayesema, yani ana uhakika kiasi gani. Ndio maana linaweza kuhamahama kwenye sentensi na kila likihama linatia shaka sehemu nyingine.

Tuchukue sentensi moja tuicheze. "Labda Asha atakuja kesho na mtoto." Hapo kila kitu kina shaka, anaweza asije kabisa. Sasa lisogeze: "Asha atakuja labda kesho na mtoto." Kuja atakuja, hilo halina mjadala, siku ndio hatuna uhakika nayo. Lisogeze tena: "Asha atakuja kesho, labda na mtoto." Siku tunaijua, mgeni tunamjua, ila andaa godoro la ziada. Na ukiliweka mwisho kabisa, "Asha atakuja kesho na mtoto, labda," hapo umesema kama una uhakika halafu ukajistukia ukarudi nyuma, kwenye kuongea ni kawaida kabisa lakini kwenye maandishi linaonekana kama umeliokota njiani ukalibandika. Kanuni basi ni nyepesi, weka labda mbele ya kile kitu hasa chenye mashaka, usiliache mwanzoni kwa mazoea tu kama unachotilia shaka ni siku peke yake.

Kazi ya pili ya labda ndio inayowaangusha watu, hasa wanaojifunza Kiswahili ukubwani lakini hata sisi tuliozaliwa nacho ukituuliza ghafla tunababaika. Labda inaweza kuwa na maana ya "isipokuwa". Mtu anasema "siendi, labda aje mwenyewe kuniomba." Hapo hakisii chochote. Anatoa sharti, yani kwenda siendi, njia pekee ya kunitoa ni aje yeye. Sasa linganisha na hii: "Siendi. Labda atakuja mwenyewe kuniomba." Hii ya pili anabashiri tu kwamba huyo jamaa anaweza kuja, na hajasema akija atafanya nini. Maneno karibu ni yale yale lakini angalia kitenzi, kwenye sharti ni "aje", kwenye kukisia ni "atakuja". Ukishaona kuna kukanusha mwanzoni (siendi, haiwezekani, hatutoki) halafu labda halafu kitenzi kinachoishia kwa e kama cha kuomba au kuamrisha, aje, ukate, tumpigie, ujue hilo ni sharti. "Hautapona labda upumzike." "Haifunguki labda uvunje kufuli." Hakuna labda ya kukisia hapo kabisa, na ukiandika ripoti au maelekezo ya kitu cha hatari mi nakushauri tumia "isipokuwa" au "mpaka" tu uwe salama, maana msomaji wa haraka haraka ataona labda atajua unabahatisha.

Ya tatu ni ya adabu. Kwenye kikao chochote utaisikia, "labda nianze kwa kuwashukuru", "labda nirudie swali", "labda kwa kumalizia", na msemaji ana uhakika asilimia mia kwamba anaanza, anarudia na anamaliza. Hiyo labda inaomba nafasi. Inapunguza ukali wa kujichukulia uamuzi mbele za watu. Na yenyewe inapenda kitenzi cha e vile vile, nianze, nirudie, tuseme, ila tofauti na ile ya sharti hii haina kukanusha mbele yake na mara nyingi mwenye kitendo ni mimi au sisi. Ni nzuri, inalainisha, ila ina walevi wake, kuna wasemaji kila sentensi ni labda, labda niseme, labda niongezee, labda tuangalie, mpaka ikifika sentensi ya kumi watu wanajiuliza huyu bwana hoja anayo kweli au anapapasa. Moja ya kufungulia inatosha.

Na kuna labda ya kejeli, hii haihitaji kufundishwa, "nitakulipa wiki ijayo", "labda!" au "labda kwenye ndoto", "labda wewe". Hapo inakataa moja kwa moja. Ndani ya meseji ukijibiwa neno moja tupu "labda" ni ngumu kujua kama mtu anafikiria au anakudharau, kwahiyo kama unafikiria kweli ongeza maneno mawili matatu, "labda, ngoja niangalie ratiba", hapo umeokoa uhusiano.

Kichekesho chenyewe, neno hili asili yake ni Kiarabu, la budda, na huko linamaanisha hakuna njia ya kukwepa, yani lazima. Sisi tumelichukua likalegea likawa la mashaka, wakati ndugu yake wa damu tumembakiza na ukali wake wote, ndio huyo "budi" wa "sina budi" na "hakuna budi". Ndugu wawili, mmoja anasema lazima na mwingine anasema tutaona.

Haya, huenda.

Huenda ni kitenzi kilichostaafu. Ndani yake kuna "enda" na ile hu- ya mazoea, na kwasababu hu- haibebi nafsi wala haichagui wakati basi neno likaganda likawa la kukisia. Hapo kwenye kujua limetoka wapi unapata mambo matatu ya bure. Kwanza spelingi: ni huenda, sio huwenda wala uenda. Najua mdomo unateleza kidogo kati ya u na e ukasikia w, lakini w haipo. Pili, usilikanushe lenyewe. Hakuna "haiendi akaja" yenye maana ya kukisia. Unakanusha kitenzi kinachofuata: huenda asije, huenda hajafika, huenda hakusikia. Tatu, kumbuka bado lile la zamani lipo na linafanya kazi yake, "Juma huenda shambani asubuhi" ni tabia yake, kila siku anakwenda, wakati "Juma huenda yuko shambani" ni kukisia. Ukiona sentensi yako inaweza kusomeka mara mbili litoe neno pale katikati uliweke mbele ya jina: "Huenda Juma yuko shambani." Imekwisha.

Lakini utamu wa huenda uko kwenye kitenzi kinachofuata, na hapa tutulie kidogo. Angalia hizi nne:

Huenda alilipa.
Huenda amelipa.
Huenda akalipa.
Huenda angelipa.

Ya kwanza jambo limepita zamani na hujui lilikwendaje. Ya pili unazungumzia hali ya sasa hivi, yani deni linaweza kuwa limeshafutika, kabla hujampigia kumdai angalia kwanza. Ya tatu bado haijatokea, inakuja, na unaona uwezekano upo. Ya nne hakulipa, ila kama mambo yangekuwa tofauti pengine angefanya hivo. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni herufi mbili tatu katikati ya kitenzi, na maana imetembea kutoka jana mpaka kesho mpaka kwenye jambo ambalo halikuwahi kuwepo.

Hiyo ya tatu ndio inayoshangaza kwasababu -ka- tunaijua ya kusimulia, akaamka akaoga akaondoka, mambo yaliyopita yamefuatana. Ikija baada ya huenda inageuka inatazama mbele. "Huenda mvua ikanyesha" haijanyesha bado. Unaweza pia kusema "huenda mvua itanyesha" na hamna atakayekukamata, mi naona tu hiyo ya -ka- ni laini zaidi na ya -ta- inasikika kama mtu aliyekaribia kuamini. Kwenye kukanusha ni hivo hivo, "huenda asije" ni tahadhari tu, "huenda hatakuja" ni kama vile umeshapata fununu. Labda yenyewe haiipendi sana hiyo -ka-, "labda akaja" unaweza kuisikia ila wengi watasema "labda atakuja", kwahiyo ukiona kidole kinataka kuandika akaja, ikawa, tukapata, basi neno unalolitafuta ni huenda.

Halafu nafasi. Huenda inakaa mbele ya kitenzi, haihamihami kama labda. "Atakuja kesho labda" inapita, "atakuja kesho huenda" inakwaruza sikio. Na kwa rangi yake huenda ni rasmi kidogo, ndio maana vichwa vya habari vinaipenda sana, huenda hiki kikatokea, huenda yule akaondoka, kwasababu inamruhusu mwandishi kusema jambo bila kulisimamia.

Pengine ni fupi. Ni pa- ya mahali na -ingine, kwahiyo ya kwanza kabisa ni "mahali pengine", tafuta pengine. Ya pili ni "wakati mwingine", pengine anacheka pengine ananuna. Ya tatu ndio ya kukisia, pengine hajui. Kwenye kukisia inafanana na labda karibu kila kitu isipokuwa haina ile ya sharti wala kejeli, na ina utulivu fulani, kama mtu aliyekaa akafikiria kabla ya kusema. Cha kuchunga ni sentensi kama "pengine anakuja asubuhi", hapo msomaji hajui kama huyo mtu huwa anakuja asubuhi siku moja moja au unakisia kuhusu kesho. Kama ni siku moja moja andika "mara nyingine" na umemaliza kazi.

Yamkini, au yumkini, zote zinaandikwa, inatokana na Kiarabu yumkin yani inawezekana. Ni ya tahariri, hotuba na riwaya. Ukiiweka kwenye meseji ya kuuliza nani kachukua chaja watu watacheka, ila kwenye insha inakupa pumzi ukichoka kurudia huenda. Asaa ipo pia, utakutana nayo zaidi kwenye mashairi, na ina harufu ya matumaini ndani yake, asaa akarejea, mtu anakisia huku anaomba iwe kweli.

Sasa tutoke vitabuni maana ukimsikiliza mtu anayeongea siku nzima mashaka yake mengi hayapiti kwenye hayo maneno kabisa.

Kuna "usikute". Hii Watanzania tunaitumia kupita kiasi na sarufi za shule haziigusi. "Usikute simu yenyewe iko mfukoni." "Usikute kalala." "Usikute alijua toka mwanzo." Ukiichukua neno kwa neno ni kumkataza mtu asikute kitu, lakini maana ni naanza kuhisi kwamba ukweli ndio huu na tutakuja kuugundua tushangae. Kwahiyo inafaa jambo ambalo tayari liko hivo limejificha tu, na kitenzi chake ni cha hali iliyopo au iliyopita. Ina kamshangao na kaumbea kidogo. Kwenye barua ya kazi usithubutu.

Ndugu yake ni "isije ikawa", hii ni kukisia kwa hofu, isije ikawa ameanguka, isije ikawa tumepotea njia. Na "si ajabu", si ajabu akashinda, hapa hujasema atashinda ila umejiwekea akiba ya kusema niliwaambia. Zote mbili zinaipenda ile -ka- ya huenda, ziweke kapu moja.

Halafu kuna njia isiyo na kielezi hata kimoja na ndio mi naiona ya Kiswahili hasa, nayo ni "atakuwa". Mtu kagonga mlango, unasema "huyo atakuwa Juma." Hausemi kwamba kesho atageuka Juma. Unakisia kuhusu sasa hivi kwa kutumia wakati ujao, na kukisia kwenyewe kuna ushahidi, umesikia mlio, unajua saa zake. "Atakuwa amechoka", "watakuwa wameshafika", "itakuwa kasahau". Tofauti na labda ni kwamba labda ni kurusha jiwe gizani, atakuwa ni hesabu umeshapiga kichwani. Ukitaka kuikaza zaidi ongeza lazima mbele, "lazima atakuwa amefika", na ukitaka kuilegeza ongeza nadhani. Mkanganyiko upo pale tu jambo linapoweza kuwa la mbele kweli: "atakuwa amefika" ni kukisia kama ni "saa hizi atakuwa amefika" na ni ratiba kama ni "kesho mchana atakuwa amefika", kwahiyo taja muda.

Eti iache pembeni, watu wanaichanganya na hizi. "Eti kahama" maana yake nimesikia kwa watu na mimi simo. "Labda kahama" ni mawazo yangu mwenyewe. "Usikute kahama" ni mawazo yangu na nimeanza kustuka. "Atakuwa kahama" nimeona milango imefungwa na mizigo haipo. Sentensi moja, watu wanne tofauti, chagua wewe ni yupi.

Na "bila shaka"? Hii inachekesha kwasababu inatangaza kwamba shaka hakuna halafu unakuta mtu anaitumia pale pale alipokosa uhakika, "bila shaka umeshasikia habari", "bila shaka umechoka na safari". Kama angekuwa anajua asingehitaji kusema bila shaka, angesema umechoka basi. Jambo unalolijua kwa hakika halihitaji kusukumwa na neno. Kwahiyo ukitaka kuthibitisha kitu kweli kweli usiongeze bila shaka, taja ulichokiona.

Makosa ya kawaida sasa, haraka haraka. Kurundika: "labda huenda pengine tukachelewa", hapo mashaka hayajaongezeka mara tatu, umerefusha meseji tu. Moja inatosha, ingawa "au labda huenda" kwenye kuongea inapita kama mtu anatafuta maneno. Kuchanganya huenda na endapo kwasababu zote zina enda ndani, endapo ni ikiwa, inafungua sharti na inadai jibu, "endapo utachelewa, piga simu", huenda haidai kitu. Na kudhani kwamba ukiweka huenda mbele ya tuhuma umenawa mikono, "huenda fulani ndio kachukua hela", hapana, jina umeshalitaja na watu wameshageuza shingo kumwangalia, hiyo huenda hakuna atakayeikumbuka.

Upande wa kuitumia vizuri ni huu: kumkumbusha mtu bila kumshutumu. "Hujanitumia" inauma. "Huenda ulisahau kunitumia" inampa mlango wa kutokea na kwa kawaida anautumia, anajibu ooh kweli samahani. "Huenda sikueleweka vizuri" ni bora mara kumi kuliko "hukunielewa". Hapo huna hata shaka, unajua kabisa kasahau, unajua kabisa hakuelewa, ila neno linafanya kazi ya upole.

Na ukiwa wewe ndio wa kuchelewa au kukosa, usiishie kwenye labda. Mtu anayekusubiri hawezi kufanya chochote na "labda nitachelewa", anabaki kaning'inia. Mpe na cha kufanya: "Huenda nikachelewa, ikifika saa tatu sijatokea anzeni, nitawakuta."